Sura ya Tano: Kumtafuta Bibi Mason

Biddy Mason hakujua kusoma wala kuandika. Hakuacha barua wala shajara, na kila alipotakiwa kutia saini kwenye hati aliweka alama ya X. Zaidi ya nusu ya maisha yake aliishi akiwa mali ya mtu mwingine, hana jina la ukoo, na kisheria hata watoto aliowazaa hawakuwa wake. Lakini leo tunaweza kumfuata kutoka Mississippi hadi Los Angeles karibu kituo kwa kituo. Tunajua mwaka aliovuka nyika za Magharibi, siku kesi yake ilipoamuliwa, bei ya viwanja vyake vya kwanza na hata ujira wake wa siku.

Nimemchagua yeye kwa makusudi. Vitabu vinavyofundisha namna ya kutafuta mababu wa Magharibi ya Marekani hupenda mfano wa mzungu mwenye bunduki na shamba, ambaye jina lake limejaa kwenye madaftari tangu siku ya ubatizo. Huyo hahitaji kutafutwa sana. Anayehitaji juhudi ni yule aliyetembea nyuma ya gari la mwenye shamba, naye yuko katika koo nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Mtafutaji huanza na sensa. Serikali ya Marekani imehesabu watu wake kila baada ya miaka kumi tangu 1790. Mpaka sensa ya 1840, karani aliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Mke, watoto na wazee walihesabiwa kwa makundi ya umri. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza iliyomwandika kila mtu huru kwa jina lake. Watumwa hawakuwamo. Walikuwa na fomu yao ya peke yao, na mtu akiiona mara ya kwanza hukaa kimya. Safu ya kwanza ni ya jina la mmiliki. Zinazofuata ni za idadi, umri, jinsia na rangi. Kisha waliotoroka, walioachwa huru, na mwisho kabisa viziwi, vipofu na wenye ugonjwa wa akili. Safu ya jina la mtumwa haipo. Mwanamke wa miaka thelathini na mbili anakuwa mstari mmoja: 32, mwanamke, mweusi. Chini yake kuna mistari mingine yenye umri wa watoto, na karani hakusema kama ni wanawe au ni wa mwingine.

Sensa ya 1860 iliendelea vivyo hivyo. Kwa hiyo kwa familia nyingi za Wamarekani weusi sensa ya kwanza yenye majina ni ya 1870, miaka mitano baada ya utumwa kufutwa. Ile ya 1880 ina faida zaidi, kwa sababu inaeleza kila mmoja ana uhusiano gani na mkuu wa kaya, na wazazi wake walizaliwa wapi. Kisha linakuja pengo kubwa. Mnamo Januari 1921 moto ulizuka katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington, na sehemu kubwa ya karatasi za sensa ya 1890 ikaungua au ikaharibiwa na maji ya kuzimia moto. Sensa hiyo ndiyo iliyotumiwa kutangaza kwamba mpaka wa makazi ya Magharibi haupo tena, kwamba nchi yote imeshakaliwa. Kwa anayetafuta ukoo, watu waliokuwa hai kati ya 1880 na 1900 hupotea miaka ishirini mizima, na lazima awatafute kwingine.

Kwingine huko kuna mengi. Sheria ya mashamba iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862 ilimruhusu raia, au aliyeomba uraia, kuchukua ekari 160 za ardhi ya serikali. Masharti yalikuwa kuishi hapo miaka mitano, kujenga nyumba na kulima. Ili apewe hati, alileta mashahidi wawili, jirani zake, waliohojiwa juu ya ukubwa wa nyumba, kisima, ekari zilizolimwa na idadi ya watoto. Watu kama milioni 1.6 walifika mwisho wa safari hiyo na kupata hati zao. Weusi walioanzisha Nicodemus huko Kansas mwaka 1877 wamo kwenye majalada hayo, wakieleza ekari walizolima na vibanda walivyochimba ardhini kwa sababu mbao hazikuwapo. Ukiwa na babu aliyechukua shamba la namna hiyo, agiza jalada lote. Cheti peke yake hakina maneno ya majirani.

Biddy hakupata ardhi yake kwa njia hiyo. Kumpata yeye, ilibidi watafiti wafuate jina la mtu mwingine.

Alizaliwa mwaka 1818 katika majimbo ya kusini, akafika mikononi mwa Robert Smith na mkewe Rebecca huko Mississippi. Mtu akitafuta "Biddy" katika madaftari ya Mississippi ya miaka ya 1840 hapati kitu. Akitafuta "Robert Smith" anapata kodi, mali, wosia wa jamaa na dini. Kanuni hii ni ngumu kumeza, lakini haina mbadala: kumpata mtumwa, mfuate aliyemmiliki. Soma mirathi yake, maana mtumwa aliorodheshwa pamoja na ng'ombe na vitanda, na mara nyingi hapo ndipo jina lake lilipoandikwa kwa mara ya kwanza. Soma na mirathi ya mkwe wake, maana binti akiolewa alipewa watu kama zawadi ya harusi. Wazao wengi huona uchungu kutumia muda wao kuandika historia ya familia ya mwenye mtumwa. Uchungu huo ni halali, na wanaouvumilia hupata majina.

Akina Smith walijiunga na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni. Uamuzi huo wa dini, ambao Biddy hakuulizwa, ndio uliomfanya aonekane kwenye historia, kwa sababu Wamormoni waliandika kila kitu. Waliandika misafara, wasafiri, vifo vya njiani na ng'ombe waliopotea. Kumbukumbu zao zinauonyesha msafara wa Mississippi wa 1848 ukiwa na watu weupe 56 na watumwa 34. Waliondoka mwezi Machi, wakaelekea kaskazini, kisha wakafuata bonde la mto Platte kwenda magharibi. Walifika Bonde la Salt Lake mwezi Oktoba.

Hiyo ni miezi saba na zaidi ya maili 1,700. Biddy alikuwa na umri wa miaka thelathini, na alikuwa na mabinti watatu: Ellen, Ann, na Harriet aliyekuwa bado ananyonya. Kazi yake ilikuwa kuswaga mifugo nyuma ya msafara, na nyuma ya msafara ndiko vumbi lote linakokwenda. Maksai na magari hupita kwanza, kisha ng'ombe, kisha anayewaswaga, akiwa na mtoto mgongoni au kifuani. Jioni alipika na kufunga na kufungua mizigo. Alikuwa pia mkunga, kazi aliyojifunza utumwani, na msafara wa miezi saba wenye familia nyingi haukosi uzazi. Tukisoma shajara za wasafiri weupe wa njia hiyo tunakutana na kipindupindu, mito iliyojaa na makaburi yasiyo na alama. Biddy aliyaona hayo hayo kwa kimo cha mtu anayetembea kwa miguu, na hakuna aliyemuuliza habari za safari.

Utah ilikuwa makazi ya miaka mitatu hivi. Sensa ya 1850, ambayo huko ilifanyika mwaka 1851, inataja watumwa 26 katika eneo zima, na wote wamewekewa maelezo kwamba wako njiani kwenda California. Maelezo hayo ya karani yanafaa kusomwa polepole. Utah ilikuwa inaomba kutambuliwa na Bunge la Washington, na kuonekana kuwa na watumwa kungeleta mabishano, kwa hiyo ilikuwa nafuu kuwaandika kama wapita njia. Watu wengine weusi waliobaki huko hawakuandikwa kabisa. Mtafutaji asichukulie ukimya wa sensa kuwa ushahidi. Karani alikuwa na mkuu wake, naye mkuu wake alikuwa na siasa zake.

Kwa upande wa Biddy, karani alisema kweli. Mwaka huo wa 1851 Smith aliungana na msafara wa Wamormoni uliokwenda kuanzisha mji wa San Bernardino, kusini mwa California. Hapo Smith alifanya kosa lililobadilisha maisha ya watu kumi na wanne. Katiba ya California ya 1849 ilipiga marufuku utumwa, na jimbo liliingia rasmi katika Muungano mwezi Septemba 1850. Ilikuwapo sheria ya 1852 iliyowaruhusu mabwana kuwarudisha kusini watumwa walioletwa kabla ya jimbo kukubaliwa, lakini Smith alifika baada ya hapo. Na sheria yenyewe ilikwisha muda wake mwaka 1855. Aliwaweka watu hao utumwani miaka minne katika nchi ambamo hakuwa na haki nao hata chembe.

Mwisho wa 1855 Smith aliamua kuhamia Texas, jimbo la watumwa, akiwa na Biddy na mabinti zake, na mwanamke mwingine, Hannah, na watoto na mjukuu wake. Walipiga kambi kwenye milima ya Santa Monica wakijiandaa kuondoka. Lakini Los Angeles kulikuwa na watu weusi huru, na mmoja wao alikuwa Robert Owens, mfanyabiashara wa farasi aliyejinunulia uhuru wake Texas. Mwanawe, Charles, alikuwa amempenda Ellen, binti mkubwa wa Biddy. Owens na wenzake walipeleka habari kwa wakuu wa serikali, ikatolewa amri ya kuwaleta watu hao mahakamani, na wakawekwa chini ya ulinzi wa wilaya ili Smith asiwahamishe usiku.

Kesi ilisikilizwa Januari 1856 na Jaji Benjamin Hayes. Smith alidai kwamba hawa ni watu wa nyumbani kwake, aliowalisha na kuwavisha, na kwamba wanakwenda Texas kwa hiari yao. Dai hilo lilihitaji jibu moja tu, la Biddy mwenyewe, na sheria za California za wakati huo zilimkataza mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu. Akiwa amekaa mahakamani, mwanamke ambaye maisha yake yote yanajadiliwa hakuruhusiwa kufungua kinywa.

Hayes alimwita chumbani kwake. Hapo, nje ya kikao, akamuuliza moja kwa moja kama anataka kwenda. Biddy alieleza kwamba daima alifanya alichoambiwa, na kwamba safari hii ya Texas aliiogopa tangu siku aliyoisikia. Alisema Smith alimwambia kuwa Texas atakuwa huru kama alivyo hapa. Jaji alijua sheria za Texas, naye aliandika maneno ya Biddy. Sentensi hizo chache ndizo sauti yake pekee tuliyonayo kutoka miaka ya utumwa, na tunazo kwa sababu jaji mmoja aliamua kuuliza na kuandika.

Siku ya hukumu Smith hakutokea, alikuwa ameondoka. Hayes aliamua kwamba wote kumi na wanne wana haki ya uhuru wao, na hukumu ikawaorodhesha mmoja mmoja, kwa jina na umri. Biddy, miaka 38. Ellen, Ann, Harriet. Hannah na wanawe, pamoja na kitoto cha wiki mbili. Ulinganishe ukurasa huo na fomu ya sensa niliyoieleza juu, ile isiyo na safu ya jina. Nimesoma hati nyingi za karne hiyo na sijui nyingine inayonigusa kama orodha hii. Mwaka uliofuata, 1857, Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Dred Scott ilitamka kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Miezi kumi na minne tu ilitenganisha hukumu hizo mbili.

Nakala ya hukumu imetufikia kwa njia ambayo mtafutaji anapaswa kuijua. Mwaka 1919 Delilah Beasley, mwandishi mweusi aliyezunguka California akikusanya habari za waanzilishi weusi kutoka mahakamani, magazetini na vinywani mwa wazee, aliichapa katika kitabu chake. Hayes mwenyewe alikuwa mkusanyaji mkubwa wa karatasi, na mkusanyo wake ulikwenda kwa mwanahistoria Hubert Howe Bancroft mwaka 1874. Karatasi haidumu yenyewe. Kila hati tunayoifungua leo kuna mtu aliyeihifadhi.

Kuanzia hapo Biddy anakuwa rahisi kumfuata, kwa sababu ni mtu huru anayefanya kazi kwa malipo. Alihamia Los Angeles, mji ambao sensa ya 1860 iliupa watu 4,385, wengi wao wakizungumza Kihispania. Alifanya kazi ya ukunga na uuguzi kwa Daktari John Griffin, kwa ujira wa dola mbili na nusu kwa siku. Alizalisha wanawake wa kila tabaka, matajiri wenye mashamba na maskini wasio na chochote, na ugonjwa wa ndui ulipoukumba mji mwanzoni mwa miaka ya 1860 aliingia kuwauguza wagonjwa nyumbani mwao.

Tarehe 28 Novemba 1866, miaka kumi baada ya hukumu, alinunua viwanja viwili kwenye barabara ya Spring kwa dola 250. Piga hesabu: ni ujira wa siku mia moja kwa mtu asiyekula, asiyelipa pango, asiyelea watoto. Eneo hilo lilikuwa pembezoni mwa mji, lenye bustani na mizabibu. Simulizi ya familia inasema aliwaambia wanawe wasiache kamwe ardhi hiyo, nami naiamini, kwa sababu madaftari yanaonyesha alivyoishika. Reli ya Southern Pacific ilifika mwaka 1876, na ya Santa Fe mwaka 1885. Kufikia 1890 mji ulikuwa na watu zaidi ya 50,000, na barabara ya Spring ilikuwa kitovu cha biashara. Mwaka 1884 aliuza sehemu tu ya ardhi yake kwa dola 1,500, akajenga jengo la maduka na vyumba kwenye iliyobaki. Mjukuu wake Robert, mtoto wa Ellen na Charles Owens, alikuja kutajwa miongoni mwa weusi matajiri kuliko wote mjini humo.

Hapa ndipo ninapowasihi watafutaji wabadili mazoea. Wengi humaliza sensa wakadhani wamemaliza kazi. Daftari la ardhi halikuungua mwaka 1921. Linataja muuzaji, mnunuzi, majirani wa kila upande, mara nyingi na mume au mke, na kila mauzo hurejelea yaliyotangulia. Kwa ukoo wa Mason na Owens, hati za viwanja zinaziba karibu lote lile pengo la sensa ya 1890.

Mwaka 1872 waumini weusi wa Methodisti walikutana nyumbani kwa Biddy, na hapo likaanza kanisa la kwanza la AME (African Methodist Episcopal) la Los Angeles, ambalo lipo hadi leo. Yeye ndiye aliyebeba kodi na gharama za mwanzo. Alitembelea wafungwa gerezani akiwa na chakula. Mji mzima ulimwita Bibi Mason.

Alifariki tarehe 15 Januari 1891 akazikwa kwenye makaburi ya Evergreen, mashariki mwa mji. Kaburi halikuwekwa jiwe. Lilibaki hivyo mpaka tarehe 27 Machi 1988, meya Tom Bradley, meya wa kwanza mweusi wa Los Angeles, alipohudhuria uzinduzi wa jiwe lenye jina lake. Mwaka mmoja baadaye, mahali viwanja vyake vilipokuwa, kati ya barabara ya Tatu na ya Nne, ulijengwa ukuta wa kumbukumbu wa futi 81 uliobuniwa na Sheila Levrant de Bretteville, kutokana na mradi ulioongozwa na mwanahistoria Dolores Hayden. Ukuta unaeleza maisha yake muongo kwa muongo, na ndani yake zimewekwa nakala za hati zenyewe.

Kwa hiyo, wewe unayemtafuta bibi au babu wa namna hii, usiishie kwenye jina lake. Andika majina ya watu wote waliomzunguka: aliyemmiliki, mkwe wa aliyemmiliki, kiongozi wa msafara, mwajiri, mchungaji, jirani wa mpaka wa kiwanja. Tafuta kila mmoja kwa zamu. Uliza mahakama ya wilaya kama ina majalada ya kabla ya 1870 ambayo hayajapigwa picha, maana yako mengi na hayamo kwenye mtandao. Na kama mzee wa ukoo angali hai, nenda kwake kwanza. Mahakama itakungoja, yeye huenda asiweze.